Mwenye simu na mwenye kamera kubwa darasa moja: namna ya kuendesha wokshopu ya picha huku Mtwara na Lindi

Ukitangaza wokshopu ya picha Mtwara usitegemee watakuja watu wa aina moja. Atakuja mama anayeuza vitenge mtandaoni na simu yake, anachotaka ni rangi ya kitenge itoke kama ilivyo, atakuja kijana wa harusi mwenye kamera ya mamilioni anayejua kila kitufe, atakuja afisa wa NGO ametumwa na ofisi akajifunze picha za ripoti, atakuja mwalimu mstaafu, na pengine atakuja mzee aliyekuwa na studio enzi za filamu ambaye wewe mkufunzi unamwamkia shikamoo na kwa hii kazi amekutangulia mbali. Wengi wanaoandaa mafunzo kitu cha kwanza ni kuwagawa, wanaoanza huku, waliobobea kule. Mimi nasema usiwagawe. Wape wote kazi ileile, kila mtu umbane kwa namna yake, halafu mkae chini mzitazame picha pamoja, maana mtu mzima akiona jirani yake alisimama palepale aliposimama yeye akatoka na picha nyingine kabisa, anajifunza kuliko ungeongea masaa matatu.

Kazi inaanza kabla ya siku yenyewe. Usimuulize mtu yuko levo gani, watu wazima hawalijibu vizuri hilo swali, anayejua anajishusha na asiyejua anaona haya. Muulize kwa WhatsApp unapiga na kifaa gani, unapiga nini zaidi, halafu atume picha tatu, mbili anazozipenda na moja iliyomkatalia. Hiyo iliyomkatalia ndo inakwambia kila kitu. Ukiona uso mweusi tii na nyuma yake mwanga umeungua, huyo shida yake ni kupima mwanga. Ukiona picha ya ukumbini imetikisika, huyo ni spidi ya shata, yaani ule muda kamera inaouacha mwanga uingie. Na ukiona picha safi kila kona ila haikwambii chochote, huyo mara nyingi ni wa kamera kubwa, ndo atakayetaka muda wako kuliko hata yule mwenye simu. Mwambie atume kama dokumenti, akituma kawaida WhatsApp inaibana picha na wewe utashindwa kujua kama ukungu ni wake au wa mtandao. Watu 12 wanatosha kwa mkufunzi mmoja na msaidizi mmoja, zaidi ya hapo kuna watakaorudi nyumbani bila hata picha yao moja kutazamwa.

Msimu nao uangalie. Ukiweka Novemba hupati watu, wenye mashamba wako kwenye korosho, na wapiga picha wenyewe wamebanwa na harusi na ngoma kwa sababu hela ya korosho ndo inaingia mtaani. Kuanzia Desemba mpaka Aprili kuna mvua. Muda mzuri ni Juni mpaka Septemba, kukavu, hewa safi, ila kusi linavuma kwa hiyo pwani mchanga unaruka, waambie waje na kitambaa cha kufunika kamera. Angalia na kalenda ya Ramadhani, na Ijumaa mchana usipange kitu.

Masaa ya kupiga picha yafuate jua, usifuate ratiba ya semina za hotelini ile ya saa tatu kamili kujiandikisha, saa nne chai. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, jua la mchana linakaa juu ya kichwa, na kuna siku za Oktoba na Februari linakuwa utosini kabisa, macho ya mtu yanageuka mashimo mawili meusi na pua inaangusha kivuli mdomoni. Na jioni ikifika haikusubiri, jua likishazama nusu saa nyingi, giza. Kwa Julai jua linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi na linazama kama saa 12 na robo jioni. Kwa hiyo mimi napanga hivi: saa 12 kamili asubuhi watu wawe eneo la kazi, wapige mpaka saa tatu, ndo chai na mihogo, kuanzia saa tano ndani, baada ya chakula kutazama picha, saa kumi na nusu mnatoka tena mpaka jua linazama.

Sasa huo muda wa ndani saa tano mpaka saa saba, jua likiwa kali nje, ndo wa zoezi ambalo siliachi hata iweje, nalo ni chumba cheusi.

Tafuta chumba chenye dirisha linalotazama barabara au uwanja uliopigwa na jua. Nyumba za zamani zenye madirisha ya mbao ndo bora zaidi, unafunga mbao, nyufa unaziba na maboksi, solotepu na blanketi mpaka ukiinua mkono mbele ya uso huuoni. Kwenye boksi moja la dirishani toboa tundu la upana wa penseli. Mita mbili au tatu kutoka kwenye tundu tundika shuka jeupe lisilo na maua. Waingize watu wote, funga mlango, kaeni kimya dakika tano mpaka kumi macho yazoee giza, na asiwashe mtu simu, mmoja akiwasha wote mnaanza upya.

Taratibu shuka linaanza kuonyesha mtaa. Mwembe uko kichwa chini, paa la bati liko chini ya ukuta wake, mbingu imeshuka mpaka pindo la shuka, na bodaboda ikipita nje kuelekea sokoni, kwenye shuka inapita matairi juu ikielekea upande mwingine, na rangi zote zipo, mpaka nyekundu ya kanga iliyoanikwa uzioni. Hapo huhitaji kusema neno kwa dakika kadhaa, waache waangalie. Ndo uwaeleze kwamba mwanga unakwenda mstari ulionyooka, unaotoka juu ya mwembe ukipita kwenye tundu unaangukia chini, unaotoka chini unaangukia juu. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi zake Misri, alilichunguza jambo hili kwa taa na tundu miaka kama 1000 iliyopita. Na Mfaransa Nicéphore Niépce miaka ya 1820 aliweka bamba la madini lililopakwa lami ndani ya boksi la namna hii, akaliacha masaa mengi, na ile picha aliyoipata ya paa na kuta nje ya dirisha lake bado ipo mpaka leo. Yaani kamera ni hicho chumba mlichokaa, kimepunguzwa tu kikaingia mkononi.

Halafu chezeni na tundu. Likuze liwe kama sarafu ya shilingi mia mbili, picha inang'aa lakini ukali unapotea, mwembe unakuwa doa la kijani. Sasa muombe mzee au mama yeyote miwani yake ya kusomea, ile ya namba mbili, shikilia kioo kimoja mbele ya tundu, na mtu mwingine ashike karatasi nyeupe kama nusu mita kutoka hapo, alisogeze mbele na nyuma pole pole. Ghafla majani ya mwembe yanaonekana, yamekata, tena yanang'aa. Hapo wameshaona kwa macho yao lenzi ni ya nini, inakuruhusu uwe na tundu kubwa bila kupoteza ukali, na ile kusogeza karatasi ndo fokasi yenyewe. Nalipenda zoezi hili kwa sababu hakuna anayelijua kabla. Kijana wa harusi amezungusha namba za f miaka na miaka ila tundu lenyewe hajawahi kuliona, mama wa vitenge naye hajawahi, wote wanashangaa pamoja na kuanzia hapo wanaanza kuongea wao kwa wao.

Mkitoka humo, kueleza apecha, shata na ISO ni kazi ya robo saa. Apecha ni lile tundu, namba yake ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa, shata ni muda mnaouacha mwanga uingie, ISO ni jinsi kamera inavyoukuza mwanga iliyoupata, ukizidisha unaletewa chengachenga. Kila hatua ni mara mbili au nusu, 1/125 kwenda 1/250 umekata mwanga nusu, ISO 100 kwenda 200 umerudisha. Wenye simu waambie simu nyingi tundu lake halibadiliki, kwa hiyo inahangaika na muda na ISO, na wao wana vitu viwili vya kushika siku ya kwanza: gusa uso wa mtu kwenye skrini na uendelee kubonyeza mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu shusha au pandisha mwanga kwa kidole. Basi, usiwarundikie. Wenye kamera kubwa wazimishe oto yote na uwape hesabu ya zamani, jua la wazi f/16, ISO 100, shata 1/100 au iliyo karibu na hapo, wapige bila kuangalia kipimo cha kamera, na wakiwa kwenye mchanga mweupe kama wa Msimbati wafunge stopu moja zaidi, yaani hatua moja. Kuna wengine mikono inatetemeka, ila ndo wanaanza kuuangalia mwanga wenyewe badala ya kuangalia skrini.

Kazi ya asubuhi kwa Mtwara ipeleke Mikindani, ni kama kilomita 10 tu kutoka mjini, daladala zipo. Pale pana nyumba za mawe ya matumbawe, vichochoro, milango ya kuchonga, pana Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, na ndo alipoanzia Livingstone safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kuna kishawishi cha kuwapiga watu historia nzima asubuhi nzima na mwanga mzuri ukaisha, historia wasimulie kwenye gari. Mkifika wape mlango mmoja. Mlango mmoja, watu wote, kwa muda wa saa moja.

Mwenye simu mwambie afute lenzi kwanza, simu inakaa mfukoni na mafuta ya mkono yako pale, na hilo tu linabadilisha picha za nusu ya watu. Asivute zumu kwa vidole, atembee. Apige mlango mzima, apige kipande, apige msumari au ua moja la nakshi, halafu ya mwisho awepo mtu. Wa NGO apige picha tatu ambazo mtu asiyewahi kufika Mikindani akizipanga ataelewa ni wapi, ni nani na anafanya nini. Kijana wa harusi mbane kwelikweli: lenzi moja, f/8, hakuna kublari bakigraundi, picha kumi tu na hakuna kufuta. Amezoea kupiga mia tatu na kuficha kila kitu nyuma kwenye ukungu, leo kila kilichomo ndani ya fremu ni chake na atakitolea maelezo. Mzee wa studio usimpe masharti, ni kumkosea adabu, mwambie, "Mzee, kabla hujapiga tunaomba utuambie mwanga unautazama wapi," halafu nyamaza. Aliyepiga filamu yenye picha 36 ana nidhamu ambayo vijana wetu hawajawahi kulazimika kuwa nayo, na akishaanza kueleza utaona watu wamemzunguka.

Kwa Lindi kazi hiyohiyo ipeleke ufukweni, badala ya mlango mpe kila mtu mtumbwi mmoja. Mji unatazama mashariki, jua linachomoza upande wa baharini, kwa hiyo asubuhi ndo mwanga unapiga mitumbwi na watu wanaoshuka kutoka Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Uliza wavuvi habari za maji kabla ya kupanga tarehe. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, bahari inakupwa mbali sana, mara nyingi katikati ya asubuhi, ndo unapata kina mama wakitafuta pweza na vijiti vyao miambani, maji mafu huyapati hayo.

Kuna somo moja ambalo vitabu vingi vya nje vinalipita juu juu na huku kwetu ndo lenye uzito kuliko yote, ngozi yetu. Kipimo cha kamera hakijui kinatazama nini, kinataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Mweke bibi harusi kwenye gauni jeupe linalojaza fremu, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso wake unazama gizani. Mweke mama mwenye baibui jeusi, kamera inaona giza, inaongeza, na uso unaungua. Kwa hiyo pima usoni, au kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, gauni jeupe ongeza kidogo, baibui punguza kidogo. Zoezi lake: watu wawiliwawili, mmoja kanzu au shati jeupe, mwingine nguo nyeusi, kila mmoja apigwe mara tatu kwa mwanga tofauti, halafu wachague wao wenyewe uso upi ndo wao. Usiwachagulie.

Na msimweke mtu juani. Mweke ukingoni mwa baraza, kivulini, uso uelekee uwanjani kwenye mbingu wazi, na upande mmoja simamisha shuka jeupe au hata boksi lililofunikwa karatasi ya alumini. Ngozi nyeusi inapendeza sana ikipata mwanga mpana wa pembeni, ule mng'ao wa shavuni na kwenye paji ndo unachonga uso. Enzi za filamu Kodak walikuwa wanatoa maabara kadi za kurekebishia rangi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na rangi za picha dunia nzima zikawa zinapimwa kwa ngozi yake, ndo maana albamu nyingi za wazazi wetu nyuso zimekosa undani. Leo kamera zimebadilika ila sisi wenyewe tunachukua programu tunamng'arisha bibi harusi mpaka mama yake anamtilia shaka. Hili lisemeni wazi darasani. Mtu amekulipa umtunzie siku yake, mrudishie uso wake.

Baada ya chakula ni kutazama picha, na hii isiwe ya nusu saa ya kumalizia, ipe masaa mawili kamili. Kila mtu achague picha mbili tu, kuchagua nako ni somo. Projekta ni nzuri lakini umeme ukikatika mmekwisha, bora ongea na studio ya mjini mapema wakuprintie haraka 4x6 wakati wa chakula, mzibandike ukutani bila majina. Utaratibu wangu ni mwenye picha anyamaze kwanza, wengine waseme wanachokiona, wanachokiona tu, "naona mkono wa mtoto umekatwa hapa," "jicho langu linaenda kwenye ndoo ya bluu." Neno nzuri na neno mbaya mnaliweka pembeni mpaka mwisho. Halafu mwenyewe aseme alitaka nini. Hapo ndo yule wa kamera kubwa anasikia mama wa vitenge akimwambia macho yangu hayajui pa kutua, na hakuna mkufunzi anayeweza kumwambia hivyo akamsikia vile. Mtu mzima usimkosoe kwa ukali mbele za watu, hasa mbele ya waliomzidi au aliowazidi umri, ukiwa na la uzito mvute pembeni wakati wa chai.

Ruhusa ni jambo la kumaliza mapema. Pita kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, kwenye soko la samaki ongea na uongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, na kila mshiriki aombe kabla ya kuinua kamera, "Shikamoo bibi, tuko darasani tunajifunza picha, naomba nikupige moja," akikataa asante bibi, unaendelea. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sura ya mtu usiitumie kwenye tangazo bila yeye kukubali. Bandari, maeneo ya jeshi na mitambo ya gesi kamera zibaki kwenye mabegi. Droni inahitaji kibali, usimruhusu mtu airushe tu kwa sababu ameinunua. Mkienda magofu ya Kilwa Kisiwani chukueni kibali Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Na unyago: mwali akishatolewa nje ni sherehe ya wote na familia wanataka picha, ila ya ndani ni ya ndani, hata ukiwa unalipwa na ndugu mmoja hupigi, na picha zilizopigwa kwa kuiba hazibandikwi ukutani kwako.

Vifaa nitasema kifupi. Unyevu wa huku unaotesha ukungu ndani ya lenzi, usiku kamera ikae kwenye kontena la plastiki linalofunga na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, habari za kuifukia kwenye mchele acheni, vumbi lake linaingia ndani. Lenzi usibadilishie ufukweni.

Bei weka ambayo mama wa vitenge anaimudu, na kwenye hiyo bei printi ziwemo humohumo, mbili kwa kila mtu, moja ya kwake na moja ya kumrudishia aliyempiga. Kwenye grupu la WhatsApp ruhusu picha moja kwa mtu kwa wiki, itumwe kama dokumenti, na anayetuma aandike alisimama wapi na mwanga ulikuwa unatoka wapi. Baada ya mwezi mnakutana tena jioni moja, kila mtu na picha zake nne za mwezi huo zimeprintiwa, na kabla hamjaanza kuzitazama uliza nani bado hajampelekea mtu wake printi yake ya Mikindani, huyo apangiwe siku na mwenzake wa kumsindikiza.